Kura ya Mia Nne na Mbili

Mdogo wangu Verlyn kazi yake ni kunyonya vyoo. Nasema mapema, asije mtu akadai nilimficha. Ana gari lake lenye tangi na bomba refu, na kwa miaka thelathini amezunguka kaunti yetu akisafisha mashimo ya karo, hata hakuna nyumba ambayo haijui kwa ndani. Nikajiambia mtu kama huyo ndiye anayefaa kugombea kiti cha bunge la jimbo. Anajulikana kila mahali, na akionekana anakuja watu hufurahi kweli.

Na kusema haki ya Mungu, sikuwa na mwingine. Marehemu mume wangu Orrin alianzisha Chama cha Ziwa ni la Wote juu ya meza yangu ya jikoni, mwaka ule matajiri wa nyumba za mapumziko walipotaka kufunga kwa mnyororo njia ya kuteremshia mashua. Aligombea mara kumi na mbili, akaanguka mara kumi na mbili, na hakuwahi kununa hata siku moja. Kushinda haikuwa kazi ya chama. Sheria ya jimbo letu inasema chama kidogo kikipata asilimia tano ya kura, jina lake linabaki kwenye karatasi ya kura kwa uchaguzi unaofuata; kikikosa, linafutwa. Jina letu lilipokuwa pale, vyama viwili vikubwa vilituogopa kidogo, kama unavyomwogopa nyuki aliyeingia ndani ya gari, na njia ya ziwani ikabaki wazi. Orrin hakushuka chini ya asilimia tano hata mara moja. Mwaka wa tano alivuka kwa kura moja, akacheza dansi hapa jikoni na fagio la kudekia.

Akafariki mwezi wa pili, mwaka jana. Nilimwomba mchungaji aseme mazishini mambo matatu: kwamba Orrin alikuwa fundi mzuri wa injini, kwamba aliimba besi, na kwamba katika chaguzi zote kumi na mbili hakujipigia kura, kwa kuwa aliona ni kujikweza. Hilo la tatu kanisa zima liliguna kwa kuridhika. Kwetu huku kaskazini hakuna sifa inayopita hiyo. Ukikaribishwa kahawa unakataa mara mbili, ya tatu ndiyo unapokea. Ukivua samaki mkubwa kuliko wote unasema labda alikuwa mgonjwa. Na kipande cha mwisho cha keki kwenye sinia hakiliwi na mtu; hukatwa nusu, na nusu ya nusu, mpaka kinabaki kipande cha kulisha sisimizi, halafu kinatupwa.

Basi nikamwendea Verlyn. Akakataa. Nikangoja wiki, nikamwendea tena, akakataa tena. Mara ya tatu akasema haya, kama hakuna mwingine anayekitaka, na kama Bi Lavonne hatajisikia vibaya. Lavonne Skaar ndiye mbunge wetu, wa chama kimoja kati ya vile vikubwa, na tunasali naye kanisa moja. Mama yetu alipofariki alituletea bakuli la kuoka limejaa nyama na viazi, na Verlyn anavyolizungumzia bakuli lile ungedhani lilimfufua mama.

Kampeni tulianza mwezi wa sita. Mimi nakaa kwenye gari na orodha ya nyumba, yeye anakwenda kubisha hodi. Nyumba ya kwanza nikashusha kioo nimsikie. Alivua kofia, akamwambia mwenye nyumba hakuja kuwasumbua, ila tu amejiandikisha kugombea, na kama baada ya kufikiri wataona wana kura isiyo na mwenyewe, basi wamkumbuke, lakini wasijitese. Halafu, Mungu nipe subira, akaongeza kwamba Bi Lavonne naye ni mtu mwema sana. Mwenye nyumba akajibu kwamba ni jambo la kuvutia na atalifikiria. Verlyn akarudi garini uso umemchanua. Nilimweleza kwamba katika kaunti hii "nitalifikiria" maana yake ni ng'o, na tangu utoto wake anajua hivyo. Akasema huenda huyu kweli atafikiri.

Siku ile tulibisha nyumba kumi na nne. Alitoka na mikate mitatu ya ndizi, mche wa nyanya, na ahadi ya kurudi kuzibua karo mbili bure, kwa sababu ameona zinafurika na roho haikumpa kuondoka hivihivi. Kura hakuomba hata moja. Nilipandwa na hasira nikasimamisha gari kando ya shamba la mahindi.

"Maneno mawili tu, Verlyn. Nipigie kura. Hebu sema nisikie."

"Dada, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi jiuze, bwana. Mimi nimechoka kukutembeza."

Alitazama mahindi, akasema mahindi ya mwaka huu yametoka vizuri. Nikawasha gari. Kwetu ukimfokea mtu akakujibu kwa habari za mahindi, ujue umemuumiza, na moyo wangu ukanisuta njia nzima hadi nyumbani.

Mwezi wa saba yakaja maandamano ya sherehe ya taifa. Kila mgombea hupita barabara kuu akirushia watoto peremende, na watoto wa mji wetu wanahesabu kura kwa peremende vizuri kuliko wazazi wao wanavyozihesabu kwa karatasi. Lavonne alipita juu ya trekta la zamani. Yule wa chama kingine kikubwa, kijana wa mjini mwenye meno mengi, alipita kwenye gari la wazi. Sisi gari letu ni lile lile moja. Verlyn alilisugua siku tatu kwa sabuni ya limau, tukafunga bendera kwenye bomba, mimi nikapanda juu ya tangi na ndoo ya peremende. Nilirusha kwa mikono miwili. Zilianguka barabarani zikakaa. Watoto walizitazama kwa uchungu, na kila mzazi alikuwa amemshika wake kwenye ukosi wa shati. Nilitazama nyuma nikaona barabara nzima imetapakaa rangi kutoka benki hadi kanisani, na jioni ile gari la manispaa la kufagia likazizoa. Verlyn alisema angalau hakuna aliyesukumana.

Mdahalo ulifanyika mwezi wa kumi, kwenye chumba cha chini cha kanisa, siku ya karamu ya samaki wa magadi. Samaki huyo huloweshwa mpaka anakuwa kama uji ulioganda, na hakuna anayempenda, lakini hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kusema. Mchungaji aliwauliza wagombea swali moja: kwa nini wewe na si mwenzako? Kijana mwenye meno akataja shahada zake, tuzo zake na mbio za marathoni. Ukumbi mzima ukainamia sahani. Ilikuwa aibu hata mimi nilimhurumia. Zamu ya Verlyn akasema hawezi kudai kwamba anamzidi Bi Lavonne. Lavonne akasema hapana, yeye ndiye hawezi kudai kwamba anamzidi Verlyn. Verlyn akamsihi asiseme hivyo, wakasihiana mpaka kengele ya muda ikalia. Watu walipiga makofi wakasema haujapata kutokea mdahalo mkali kama ule.

Nami nikaanza kupata matumaini. Nilimwona mzee mmoja mgumu, ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, akimpigapiga Verlyn begani akimwambia si mbaya. Nyumbani nilitoa picha ya Orrin kwenye droo nikaiweka juu ya friji, nikamwambia tukipata asilimia tano nitampelekea karatasi ya kura kaburini aione. Sioni aibu kusema kwamba nililia. Jina lile la chama ndilo kitu chake pekee ambacho bado kilikuwa kinatembea.

Siku ya kupiga kura theluji ilianguka tangu alfajiri. Kituo chetu kipo kwenye ukumbi wa zimamoto. Mimi nilimaliza haraka, nikaweka alama yangu kwa Verlyn nikaikoleza wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Yeye alikawia nyuma ya kile kizuizi cha karatasi ngumu, hata msimamizi akaenda kuuliza kama kalamu inaandika. Alitoka amewiva masikio. Nilidhani ni uzito wa kuona jina lake limechapishwa, nikamminya mkono. Akaniuliza kama ningependa kahawa.

Kesho yake asubuhi wakatangaza. Zilipigwa kura elfu nane na arobaini. Lavonne alikuwa amerudi bungeni kwa kishindo. Nilichukua penseli kutafuta asilimia tano, ikaja mia nne na mbili, nikahesabu tena, mia nne na mbili. Verlyn Tveit wa Chama cha Ziwa ni la Wote alikuwa na mia nne na moja.

Sikukubali. Nilikwenda makao ya kaunti nikadai zihesabiwe upya kwa mkono, na wakanikubalia kwa upole ulionizidishia hasira. Wiki iliyofuata akina mama wa uchaguzi waliketi kwenye meza ndefu kutwa nzima wakipanga karatasi, huku wakipitishiana biskuti. Mimi nilisimama nyuma yao. Saa nane mchana mmoja akainua karatasi akaniita. Aliyepiga alikuwa amemwekea alama Lavonne, halafu pembeni ya jina la Verlyn akaandika kwa mwandiko mzuri: Samahani sana. Nikauliza kama hiyo haiwezi kuhesabiwa hata nusu. Mama yule akasema kwa kweli angependa iwezekane. Ikaenda kwa Lavonne. Jioni idadi ilikuwa ile ile, mia nne na moja, na karani akanipa karatasi ya kutia saini kwamba chama kimefutwa.

Jumamosi mchana wanachama walikuja kwangu kuomboleza. Tulikuwa tisa, pamoja na Verlyn, na meza ni ile ile ya Orrin. Lavonne naye akaja na bakuli lake la nyama na viazi, akasema hataki kuingilia msiba wa watu. Tulimkaribisha mara tatu, akaketi. Nilikuwa nimeoka keki ya limau sinia zima, na walipomaliza kunywa kahawa ya pili kilibaki kipande kimoja katikati, kikubwa, na kila mmoja akijifanya hakioni.

Mimi sasa nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Kura moja. Mtu mmoja katika kaunti nzima. Nikasema nataka kumjua, siyo nimdhuru, nimwone tu sura. Nikazunguka meza na birika la kahawa nikiuliza mmoja mmoja, na kila mmoja akaapa kwamba alimpigia Verlyn, hata yule ambaye miaka yote hukosea kituo. Nilipofika kwa Verlyn nilimpita, maana huyo unamuuliza nini. Akakohoa.

"Dada," akasema, "mimi nilimpigia Bi Lavonne."

Birika lilikuwa limejaa na la moto, na namshukuru Mungu aliyenishikia mkono. Kabla sijaanza kufoka, Lavonne aliweka kikombe chini akawa mwekundu hadi shingoni. Alisema pole pole kwamba ni jambo la ajabu, maana yeye alimpigia Verlyn. Alikuwa na kalamu mkononi, akaliona jina lake mwenyewe, na mkono ukagoma. Verlyn akamwambia asingejisumbua. Lavonne akamwambia yeye ndiye asingejisumbua. Wakaanza kushukuriana, mbele yangu, juu ya maiti ya chama changu.

Nilimwita Verlyn majina ambayo mama yetu hakumpa. Nikamuuliza ni shetani gani anayemfanya mtu abishe milango mia tisa, azibue karo za kaunti nzima, asugue gari siku tatu, kisha aende kumpa kura yake mpinzani. Hakuinua sauti. Hajawahi kuinua sauti maisha yake yote.

"Ni wewe, dada. Ulimwambia mchungaji aseme. Kwamba Orrin hakujipigia hata mara moja. Nilikuwa pale mbele, nikasema moyoni, huyo ndiye mwanamume. Ningekaa vipi kwenye nafasi ya shemeji nikafanya uroho?"

Wote wakaitikia kwa kichwa. Mzee wa mwisho wa meza akasema alikuwepo, ndivyo ilivyosemwa, na ilikuwa sifa nzuri mno.

Nikakaa chini. Picha ya Orrin ilikuwa juu ya friji, inacheka, kwa sababu Orrin alicheka kwenye kila picha. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeponza cha mume wangu, naye amelala kaburini asiyeweza kujitetea. Kwa maana ule ulikuwa uongo. Niliutunga mwenyewe nikiwa nimeshika simu, nikizungumza na mchungaji, nikitaka kanisa ligune vile lilivyoguna. Ningeweza kunyamaza. Verlyn angebaki amefanya jambo la heshima, Orrin angebaki mtakatifu, na chama kingebaki kimekufa kwa adabu. Nilifikiria kunyamaza kwa muda wa kutosha kahawa kuanza kupoa.

"Orrin alijipigia," nikasema. "Mara zote kumi na mbili. Alikuwa wa kwanza mlangoni kabla hawajafungua. Alikuwa akirudi hapa anasugua mikono, ananiambia, yangu moja, yako mbili, Ardis, sasa tusubiri za watu. Ule mwaka wa tano tulivuka kwa kura moja, na ile moja ilikuwa yake."

 Walitazama vikombe vyao kama nimevua nguo. Verlyn alinitazama mimi, kisha picha, kisha mimi, nami nikajua ameelewa yote, kura ile moja imeangukia wapi na nani aliyemwelekeza. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia kosa ni langu, si lake, na kwamba yeye ni mgombea mwema kuliko wote tuliopata, akiwemo marehemu, ila tu hafai kabisa.

Kisha nikanyoosha mkono nikachukua kile kipande cha mwisho cha keki. Sikukikata. Nilikila chote, nikiwa nimekaa wima, na mtu mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Kilikuwa kitamu. Nina miaka sitini na minane, naoka keki zile tangu usichana, na sikuwa nimewahi kukionja kipande cha katikati.

Nilipangusa vidole nikawaambia sheria. Chama kilichofutwa kinarudi kwa saini elfu mbili za wapiga kura, na tuna mwaka mmoja wa kuzitafuta. Mgombea nitakuwa mimi, sitabembelezwa mara tatu, na asubuhi ya uchaguzi nitajipigia kura mwenyewe mchana kweupe, anayetaka kuja kutazama aje. Lavonne akasema kwa sauti ndogo kwamba itabidi ajitahidi basi, na sikuelewa kama alimaanisha kunishinda au kujipigia.

Nikageuza ile karatasi ya karani ya kufuta chama, nyuma yake ilikuwa nyeupe. Nikachora mstari, nikaandika namba moja, na mbele yake jina langu, Ardis Brekke, kwa herufi kubwa. Nikasukuma kalamu katikati ya meza.

Verlyn akaisogeza kwa Lavonne, akasema mgeni atangulie. Lavonne akaisogeza kwa mzee, mzee akaisogeza kwa jirani yake, ikazunguka meza nzima bila mtu kuandika. Ikazunguka tena. Nilifumba mdomo, na sijui kitu kigumu kuliko hicho nilichowahi kufanya. Ilipomfikia Verlyn mara ya tatu, aliitazama picha iliyo juu ya friji, akainama, na akaandika jina lake chini ya langu.